Mwaka wa Kombe la Chumvi

Mwezi uliopita nilikwenda Temeke kuhudhuria hitma ya Maalim Nassor, aliyefariki akiwa mzee sana, macho yamefifia lakini ulimi bado mwepesi. Niliketi uani pamoja na wanawake, mtandio kichwani kwa heshima ya mahali, ingawa mimi ni Mlutheri na kila mtu pale alijua hivyo. Baada ya kisomo, kijana mmoja wa ukoo wake, anayeitwa Ustadh na marafiki zake, alishika kipaza sauti akaeleza kwamba mwaka wa kipindupindu marehemu aliuponya mtaa mzima kwa kombe peke yake, na kwamba madaktari wa serikali walikuja kumwangukia miguuni wakiomba siri. Watu wakapiga takbiri. Mama aliyekaa ubavuni mwangu akanigusa goti: "Si ulikuwepo wewe, Mama Afya? Ilikuwa hivyo kweli?" Nikamjibu kwamba haikuwa hivyo, lakini sahani za pilau zilikuwa zimeshaanza kupita, na mbele ya pilau hakuna anayetaka kusahihishwa.

Ningenyamaza, kama si kwamba majuma machache kabla ya hapo nilisikia uongo wa upande wa pili. Wastaafu wa idara ya afya tuliitwa Kinondoni kwenye semina, na msomi mmoja wa umri wa wanangu akatuonyesha ukutani picha ya sahani nyeupe yenye maandishi ya zafarani, akasema kwa uhakika mkubwa kwamba watu wa aina hii ndio waliotuua: wao waliwaficha wagonjwa, wao walieneza ugonjwa, na kambi za serikali ndizo zilizookoa mji. Niliinua mkono. Aliniambia maswali yatakuja mwisho, na mwisho ulipofika ikaja soda. Basi nimebaki na hadithi mbili zinazotembea mjini, moja imevaa kanzu na nyingine imevaa tai, wala hakuna hata moja iliyomuuliza mtu aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Mimi nilikuwa ndani. Nililala chumba cha tatu mkono wa kulia, na nimefanya kazi ya kuandika taarifa maisha yangu yote. Sitakubali taarifa hii moja iandikwe na wasiokuwapo.

Nilikuwa msichana niliyetoka chuoni, nimepangiwa Temeke kama msaidizi wa afya, mwanamke peke yangu katika ofisi ile. Mtaani walizoea kumwita mtu wa kazi yangu Bwana Afya, na kwa kuwa hawakuwa na neno la mwanamke, watoto waliniita Bwana Afya Binti. Nilipanga chumba kwa Maalim Nassor na mkewe, Bi Zuhura. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyumba zote za zamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kuta zisizofika darini, ua wa makuti nyuma wenye jiko, kisima kifupi na choo. Kwa sababu ya kuta zile, hakuna aliyekuwa na mazungumzo yake peke yake. Nilijua nani anadaiwa kodi, nani anakoroma, nani amegombana na mumewe kwa sababu ya sukari. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati na dirisha dogo lililotazama baraza ya mbele, na dirisha hilo lilinifundisha mengi kuliko chuo. Chini yake Maalim aliketi kila asubuhi juu ya ngozi ya mbuzi. Upande mmoja aliweka duka lake dogo la uzi, vifungo na mafuta ya nazi, na upande wa pili wino, kalamu ya utete na sahani.

Kwa wasiojua, kombe ni dawa ya kuandikwa. Maalim alichovya utete katika zafarani iliyoloanishwa kwa marashi, akaandika aya juu ya sahani nyeupe ya kauri, akaziacha zikauke, kisha akazisuuza kwa maji na kuyamimina maji yale ya njano katika kikombe. Mgonjwa hunywa. Maalim alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu aliyezaliwa palepale, mwenye mwili mwembamba na mzaha mkavu, na hakujiita mganga hata siku moja. Akiulizwa, alisema: "Mie ni mwandishi tu. Anayeponya hana duka." Mimi nilikuwa na cheti kipya na kiburi chake. Jioni, tulipokula uani ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada uliokuwa ukinuka gunia, pamoja na dagaa waliokaangwa kwa ndimu, nilikuwa nikiwaeleza habari za vijidudu. Bi Zuhura, mama mnene mwenye vidole vya hina, alicheka hadi akaweka tonge chini. "Huyu binti anaongea kama taarifa ya habari! Mwanangu, kula kwanza, vijidudu utavisoma kesho saa mbili usiku." Kisha alinisogezea kichwa cha dagaa mkubwa aliyemchagua mwenyewe, kwa kuwa aliamini mtu wa bara hashibi bila kuona jicho la samaki.

Kipindupindu kilipoingia mjini, ofisi yetu iligeuka ghafla kuwa ofisi ya amri. Tulipiga marufuku matunda yaliyokatwa, maji ya barafu, karamu za harusi na matanga. Kambi ya wagonjwa ilifunguliwa katika madarasa ya shule iliyokuwa imefungwa, ikazungushiwa uzio wa kamba na mlinzi akawekwa mlangoni. Mkubwa wangu, Bwana Kihwelo, mtu safi wa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu, alinituma nyumba kwa nyumba nikiwa na ndoo ya dawa ya klorini kuwaambia watu wawapeleke wagonjwa wao kambini. Walinisikiliza kwa adabu zote. Walinikaribisha viti. Na hawakupeleka mtu. Bwana Kihwelo alisema ni ujinga na ushirikina, na ndivyo alivyoandika katika taarifa zake, na naona msomi wa Kinondoni amezisoma taarifa hizo vizuri.

Haikuwa ujinga. Niliijua sababu kwa kulala kitandani asubuhi moja na kusikiliza baraza. Bi Mwantumu, jirani yetu muuza vitumbua, mwanamke ambaye ulimi wake ulitangulia kuamka kuliko yeye, alikuwa anaongea na Maalim huku akipuliza makaa.

"Kaka yangu mie wamempeleka juzi. Kafa. Unajua wamemfanyaje? Wamemtia kwenye mfuko, wakammwagia chokaa, wakamfukia. Hakuoshwa, hakukafiniwa, hakusaliwa. Kama mbwa wa barabarani, Maalim. Mie nimesimama nje ya kamba naangalia, kile kibwana cha soksi kinaniambia rudi nyuma mama, rudi nyuma."

"Subira, Mwantumu."

"Subira ninayo. Lakini tumbo likinishika mie, nifie kwangu. Huyo Bwana Afya Binti wako akija na ndoo yake, mwambie nimekwenda Kigamboni."

"Anakusikia, yupo dirishani."

"Asikie! Ndio maana nasema kwa sauti."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna mhadhara uliokuwa umenieleza. Watu wale hawakuwa wakikataa dawa. Walikataa kuzikwa bila kuoshwa, kwa kuwa kwao maiti ina haki zake juu ya walio hai, na kuoshwa ni haki ya kwanza. Mtu aliyepima kifo cha nyumbani penye maji ya kuoshwa na kifo cha kambini penye chokaa, alichagua nyumbani, na njiani kuelekea kwenye kifo hicho alipita kwa Maalim Nassor kunywa kombe. Basi baraza ikajaa. Waliletwa migongoni, kwenye mikokoteni, wengine wamefungwa kanga kiunoni kwa aibu ya kuharisha njiani. Maalim aliandika mpaka vidole vyake vikawa vya njano, na Bi Zuhura alitoka na kuingia akibeba vikombe.

Niliudhika, na nilipanga kumshtaki. Lakini kabla ya kumshtaki mtu ni lazima umtazame, na nilipomtazama niliona jambo lililonishangaza. Kambini, nilikokwenda kila siku kubadilisha maji ya kunawia, wagonjwa walipewa jagi la maji yenye chumvi na sukari, yale yanayorudisha mwilini kile ambacho kuhara kunakiondoa, na hawakuyanywa. Walionja, wakatapika, wakageukia ukutani. Hakuna aliyeamini kwamba mtu anayetoka maji anaponywa kwa maji. Lakini hapa barazani, kijana aliyelegea kama kitambaa aliletewa kombe, akalitapika, akapewa jingine, akalinywa funda kwa funda, jagi zima, mama yake akimshika kidevu na kumwambia, "Maliza, mwanangu, hili si la kubakiza." Maneno ya Mungu hayamwagwi. Ndiyo ilikuwa kanuni, na kanuni hiyo iliwafanya wanywe kuliko nesi yeyote alivyoweza kuwanywesha. Kasoro ilikuwa moja tu: maji yenyewe yalitoka katika kisima cha uani, hayakuchemshwa, wala hayakuwa na chumvi.

Nilimngojea Maalim amalize sala ya alasiri, nikamwamkia, nikaketi chini. Nilimweleza kwa Kiswahili changu cha taarifa ya habari. Nilimwomba asuuzie sahani zake maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari kwa kipimo cha kambini.

"Kwa hiyo unataka kombe liwe mchuzi."

"Hapana, Maalim."

"Zuhura! Njoo usikie. Binti anataka tutie chumvi. Kesho ataleta bizari."

Bi Zuhura alikuja akijifuta mikono. Hakucheka. Alisema, "Wewe uliza kwanza kama chumvi ni haramu, kisha ndio ufanye mzaha." Maalim akaacha mzaha. Kisha akasema chumvi ni halali na sukari ni halali, kama mtu angeipata, maana siku zile sukari ilikuwa kitu cha kupangiwa foleni. Akasema kilicho haramu ni kumdanganya mgonjwa. "Sitamwambia mtu haya ni maji ya aya tu huku yana dawa ya serikali. Nitamwambia: maji ni ya hospitali, maandishi ni yangu, shifaa ni ya Mungu. Akitaka atakunywa, asipotaka ataondoka. Na wewe utanifanyia jambo moja. Nenda kwa wakubwa zako, waache maiti zioshwe. Mie nitawaambia watu waende kambini, lakini siwezi kumpeleka Mwislamu mahali nisipoweza kumwahidi maji ya mwisho."

Nataka msomaji alizingatie sharti hilo, kwa sababu katika hadithi zote mbili zinazosimuliwa leo halimo. Ustadh hakulitaja, kwa kuwa linaonyesha kwamba Maalim aliihitaji kambi. Msomi hakulitaja, kwa kuwa linaonyesha kwamba kambi ilimhitaji Maalim. Nililipeleka ofisini asubuhi iliyofuata. Bwana Kihwelo aliweka kalamu mezani sambamba na rula, kama alivyokuwa akifanya alipotaka kukasirika kwa utaratibu.

"Wewe ni mtumishi wa serikali au ni mwanafunzi wa madrasa?"

"Mtumishi, mzee."

"Kipindupindu kinakaa ndani ya maiti. Unajua?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana nasema wavae buti na glavu, na maji yawe ya klorini."

"Amri inasema jamaa wasikusanyike kwenye maiti. Mimi sikuiandika. Toka."

Nilirudi kumwambia Maalim kwamba nimekataliwa, nikitegemea naye akatae. Hakukataa. Alisema mgonjwa asingoje ugomvi wa wazima. Siku ileile Bi Zuhura alibandika sufuria kubwa ya pilau jikoni, akachemsha maji, nami nikapima chumvi na sukari, ile niliyoipata kambini kwa idhini ya daktari, Daktari Shangali, Mchaga mpole asiyelala. Sahani ya kwanza iliyosuuzwa kwa maji yale alipewa fundi seremala mmoja wa mtaa wa nyuma. Maalim alimweleza kila kitu kama alivyoahidi. Fundi alionja, akakunja uso: "Mbona lina chumvi hili?" Bi Mwantumu akamjibu kutoka kwenye vitumbua vyake: "Kunywa wewe! Hata machozi yana chumvi, na umeyanywa tangu uzaliwe." Akanywa. Siku chache baadaye alipita barazani akitembea kwa miguu yake. Wengi walipita hivyo. Sina idadi. Hakuna aliyehesabu, na yeyote anayetaja idadi leo ameitunga. Nitasema tu kwamba si wote, kwa kuwa wapo waliofikishwa pale wakiwa hawawezi tena kumeza, hao walihitaji maji ya mshipani, na maji ya mshipani yalikuwa upande wa pili wa ile kamba ambayo hawakukubali kuivuka.

Mara nyingi nimewaza juu ya majuma yale. Miaka michache iliyopita, ugonjwa wa kifua ulipozunguka dunia, niliwaona majirani zangu wa Tegeta, wenye shahada na magari, wamejifunika mablanketi juu ya sufuria za mwarobaini na mchaichai, wakitoka na nyuso nyekundu na imani mpya. Mpwa wangu aliniuliza kama ile dawa inafanya kazi. Nilimwambia swali hilo peke yake halitoshi. Mtu anapokimbilia dawa ya nyumbani wakati wa maradhi, tumuulize pia anakimbia nini. Wakati ule nilijua wanakimbia nini, nami nilikuwa nimeanza kufurahi kwamba nimewapatia njia ya katikati. Ofisini walinikemea, mtaani walianza kunisalimia. Nilijinunulia hata kanga, ya kwanza maishani mwangu, nikaivaa uani, na Bi Zuhura akanifunga upya kwa kuwa niliivaa, alisema, kama mfuko wa mahindi.

Suala la vikombe lilianza kama jambo dogo la usafi. Niliona kikombe cha mgonjwa mmoja kikisuuzwa harakaharaka na kupewa mwingine, nikakataza. Nikaweka ndoo ya klorini uani, nikamwagiza Bi Zuhura kwamba kila kikombe kikitoka kwa mgonjwa kizamishwe humo. Alikubali mara moja, kwa kuwa alikuwa mtu wa usafi kuliko mimi. Alikuwa akivikusanya kwenye sinia, anavileta uani akiwa amenipa mgongo, na muda si mrefu nasikia vikitumbukia ndooni kimoja baada ya kingine. Niliridhika na mlio ule.

Ilikuwa mchana wa Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini, nilipomkuta ameketi kwenye kizingiti cha jiko, ameegemea nguzo, midomo imekauka na macho yameingia ndani. Nilikuwa nimeshawaona wengi wa namna hiyo, sikuhitaji kuuliza. Nilimpa maji ya chumvi, akayatapika, nikampa tena. Maalim aliporudi alimwandikia, na yeye akajaribu kunywa, lakini ugonjwa ulikuwa unamwondoa kwa kasi kuliko tulivyoweza kumrudisha. Ilipofika alasiri vidole vyake vya hina vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Nilimwambia Maalim, mbele yake, kwamba asipowekewa maji ya mshipani hatafika magharibi.

Bi Zuhura alimshika mumewe ukosi wa kanzu. "Nassor, usinipeleke. Nife hapa. Wasinitie chokaa."

"Hutakufa."

"Usinijibu la hospitali. Nijibu la chokaa."

Nilimwona Maalim akitazama sahani, utete, ile sufuria ya pilau, kama mtu anayeangalia vyombo vya mtu mwingine. Kisha akasema, "Nitakuosha mie mwenyewe, ikifika huko. Nikishindwa nitalala nawe humo humo kwenye chokaa. Twende." Alitoka mbele, akaazima mkokoteni wa mchuuzi wa mkaa, akatandika juu yake godoro lao la kitandani. Mtaa mzima ulitoka. Mtu ambaye wote walikuwa wakimkimbilia ili wasiende kambini, alikuwa anaisukuma kambini familia yake mwenyewe, mchana kweupe, akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Bi Mwantumu alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Maalim! Na wewe? Kombe lako limekwisha nguvu?"

"Halijaisha. Huyu hawezi kumeza. Asiyeweza kumeza dawa yake iko kule. Nipishe, Mwantumu."

Hakupisha. Alimtazama Bi Zuhura juu ya godoro, rafiki yake wa miaka, kisha akavua kanga yake ya juu, akamfunika miguu, akashika upande wa pili wa mkokoteni. Wakaenda hivyo hadi kwenye kamba, na kwenye kamba mlinzi aliwazuia wote isipokuwa mgonjwa, mumewe na mimi niliyekuwa na kitambulisho.

Daktari Shangali alimwekea maji mikono yote miwili. Kwa muda alirejea. Macho yalirudi mahali pake, akaomba aletewe mtandio. Niliketi kwenye dawati la wanafunzi kando ya kitanda, nikamuuliza alichokula, kwa kuwa hilo ndilo tulilofundishwa kuuliza. Alisema hakula kitu cha nje. Nilimuuliza maji gani alikunywa. Alitabasamu kidogo.

"Ya vikombe, mwanangu."

"Vikombe gani?"

"Vya wagonjwa. Yaliyobaki chini. Si ulisema vyote vitiwe kwenye ndoo? Ningemwaga wapi jina la Mungu, humo ndani ya dawa yako ya choo? Nilikuwa nayamaliza kwanza, kisha ndio natumbukiza."

Maalim alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia. Kanuni yake na kanuni yangu, kila moja njema mahali pake, zilikutana mkononi mwa mwanamke mwaminifu aliyetaka kuzitii zote mbili. Kama mmoja wetu tu angekuwa nyumbani mle, Maalim na maneno yake au mimi na ndoo yangu, Bi Zuhura asingeyanywa mabaki yale: bila ndoo yangemalizwa na jamaa wa mgonjwa mwenyewe, na bila aya yangemwagwa tu. Sijawahi kuona jambo hili limeandikwa popote. Si ushirikina uliomuua Bi Zuhura, wala si kukosa elimu ya afya. Alikuwa ameelewa maagizo yote.

Alifariki jua likikaribia kuzama. Figo zilikuwa zimeshagoma, alisema daktari, na maji yalichelewa. Bwana Kihwelo alifika na wabebaji wawili na mfuko. Maalim aliweka mwili wake kati yao na kitanda, hakupiga kelele, akasema tu kwamba katika sheria yake mume huruhusiwa kumwosha mkewe, na kwamba atamwosha. Bwana Kihwelo akasoma amri kwa sauti: jamaa wasikusanyike kwenye maiti. Hapo nilisema, na sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyokusudia: "Mzee, mtu mmoja hakusanyiki." Bwana Kihwelo akanigeukia na uso ambao nilidhani ndio mwisho wa ajira yangu. Daktari Shangali, aliyekuwa anaosha mikono, hakugeuka. Alisema, "Binti yuko sahihi. Soma tena, Kihwelo. Mtu mmoja hakusanyiki. Mpe buti."

Basi alioshwa. Nawaambia Ustadh na msomi kwa pamoja: alioshwa. Nyuma ya darasa la mwisho wabebaji walichimba ufuo wa kupokea maji, tukatundika mashuka kuzunguka. Nilichanganya klorini kwa kipimo, nikamkabidhi Maalim ndoo moja baada ya nyingine kupitia pembe ya shuka, nikiwa nimetazama pembeni, kwa kuwa halikuwa jambo langu kuona. Nilisikia maji. Nilisikia buti kubwa mno kwa miguu yake zikivuta matope. Nilimsikia akimwambia mkewe taratibu, kama anavyoambiwa mtu aliye hai, "Geuka kidogo, mama, nikuoshe huku." Sanda ilipitishwa juu ya kamba na Bi Mwantumu, ambaye hakuwa ameondoka. Maalim alimsalia, wabebaji wawili wakiwa Waislamu wakapanga safu nyuma yake, nao wakamzika ndani ya uzio, ameelekezwa kibla. Chokaa ilimwagwa, lakini juu ya kaburi, baada ya udongo. Taarifa ya ofisi ya siku ile ilisema mwili umezikwa kwa mujibu wa amri, na nadhani Bwana Kihwelo aliona hiyo ndiyo hisani kubwa aliyoweza kuifanya.

Kutoka siku ile watu wa mtaa wetu waliivuka ile kamba. Bi Mwantumu ndiye aliyetangaza habari kuliko kipaza sauti chochote: kambini mtu anaoshwa, nimetoa sanda mie mwenyewe. Daktari aliendelea kuruhusu mtu mmoja kwa kila maiti, na mtu mmoja hakuwa mkusanyiko hadi ugonjwa ulipoondoka mjini.

Lakini kabla haujaondoka, siku ya nne ya msiba, msiba usio na matanga, Maalim alitandika ngozi yake barazani akaandika. Nilijaribu kumzuia, alisema mkono ukikaa bure unakufa. Mwanamke mmoja akaja na binti yake mdogo anayeweza kumeza. Maalim akamweleza kama alivyomweleza kila mtu: maji ya hospitali, maandishi yangu, shifaa ya Mungu. Mtoto akanywa vizuri, vikombe kadhaa, kisha akageuza uso, kikombe cha mwisho kikiwa bado na maji chini. Mama yake, kwa mazoea aliyonyonya kwa mama yake, alikiinua akipeleke kinywani mwake.

Maalim aliushika mkono wake. Alikichukua kile kikombe, akashuka barazani peku, akaenda hadi kwenye shina la mlimao uliokuwa pembeni mwa nyumba, mahali ambapo hakuna mtu apitaye. Bi Mwantumu alisimamisha mwiko juu ya mafuta. Maalim akapiga bismillahi, akakipindua kikombe, akangoja mpaka tone la mwisho likaingia ardhini.

"Kuanzia leo," alisema, bila kutugeukia, "yakibaki, mtayaleta hapa."

Kisha akarudi, akanipa kikombe, nami nikakitumbukiza ndooni.